Mtetemo wa propela

Leo naacha programu kidogo. Gari langu la porini, nililoliunga mwenyewe juu ya chesisi ya Suzuki SJ410, lilianza kutetemeka likifika kilomita 60 kwa saa. Nikabadilisha kros zote mbili, nikafungua difu, nikala hadi pesa ya karo ya mtoto. Wapi!

Fundi wa mtaani akalala chini dakika moja tu: “Kijana, propela umeifunga vibaya.”

Kumbe kros ikikaa kwa pembe haizungushi shafti kwa mwendo sawa. Ya pili hufuta kosa la ya kwanza, mradi uma za ncha mbili za shafti zikae mstari mmoja. Mimi nilipoichomoa sikutia alama, nikairudisha imeruka meno mawili.

Tukaipanga upya, mtetemo kwisha. Ila difu niliyoifungua bure sasa inavuja mafuta.