Binti Yangu na Tufe

Mimi ni mkulima wa Homa Bay, na binti yangu husoma katika chuo kikuu huko Rongo, Migori. Likizo iliyopita alituambia ya kuwa yeye na wenzake watano wanataka kuvishinda vyuo vyote vya Kenya katika kurusha tufe. Nilicheka. Nchi yetu imesifika kwa mbio! Tena tufe la wanawake ni kilo 4 tu, nami nimebeba magunia ya mahindi tangu ujana.

Akanipa jiwe. Nililitupa kama afukuzaye tumbili, bega likaniuma siku tatu. Yeye alilibana shingoni, kwani sheria hairuhusu lishuke nyuma ya bega, akainama, akageuka ghafula, nguvu ikapanda kutoka mguuni hata vidoleni. Jiwe likaupita mgomba wa pili.

Kisha akanikumbusha Julius Yego, aliyejifunza mkuki kwa kutazama picha za intaneti, akawa bingwa wa dunia huko Beijing mwaka 2015 kwa meta 92.72. Sikuwa na jibu.

Tufe la chuo halitoki chuoni wakati wa likizo. Jumamosi nitauza mbuzi, twende Kisumu kutafuta letu.