Bustani Yetu ya Kericho



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita tulisafiri kwenda Kericho kuutazama mti. Jamaa walitucheka. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kiasi cha kilomita 480, na kutoka Nairobi mpaka Kericho ni karibu 260 nyingine. Na miti, walisema, iko tele hata Kisauni. Makala haya ni jawabu yetu kwao.

Miaka sita iliyopita tuliombwa tukasomeshe katika madrasa ndogo nje kidogo ya mji huo, na tukakubali kwa muda wa miaka mitatu. Tulikwenda na mama watoto na mtoto wetu wa mwisho. Anayetoka pwani akaupanda mlima wa Mau hukutana kwanza na baridi, kisha na ukijani ambao macho yake hayajapata kuuona. Kericho iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya chai, yaliyoanza kulimwa kwa biashara katika miaka ya 1920, yametanda juu ya vilima kama busati lisilo na mshono. Asubuhi jua huwaka kwa upole. Ikishapita adhuhuri, upepo wenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda milimani ukakutana na upepo wa mashariki, mawingu yakajikusanya, na karibu na alasiri mvua hushuka. Kwa mwaka mzima mvua hiyo hukaribia milimita 2,000, ambayo ni karibu mara mbili ya ile tunayoipata Mombasa. Sisi tuliozoea kuingoja masika na kuihesabu vuli tulidhani kuwa mahali penye mvua kama hiyo bustani hujiotea yenyewe.

Nyuma ya nyumba tuliyopewa palikuwa na kiwanja kitupu, urefu hatua thelathini na upana kumi na tano, kilichoinamia bondeni. Mafundi waliojenga nyumba walikuwa wamekiacha kama walivyokitumia: kokoto, vipande vya matofali, misumari, na udongo mwekundu wa chini ukiwa umefukuliwa na kutupwa juu. Hapakuwa na hata unyasi. Mama watoto alikuwa amekuja na makopo manne kutoka nyumbani: la asmini, la mrehani, la mche wa mkilifi, na nazi iliyokwisha kuchipua. Aliyapanga kando ya ukuta, akatuambia tulime.

Tulilima. Tulifanya hivyo kwa pupa, tena udongo ukiwa umelowa, tukiukanyaga huku na huku. Nao ulipokauka ukawa kama tofali. Tukamwaga mbegu za mchicha, tukapanda na miche ya vitunguu tuliyoinunua sokoni. Siku ya tatu ikanyesha mvua iliyochanganyika na mawe, kwani vilima hivyo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazojulikana sana kwa mvua ya mawe. Tuliporudi kutoka msikitini, bustani ilikuwa imeondoka. Palikuwa na mifereji tu iliyochimbwa na maji kutoka juu mpaka chini.

Asubuhi yake alikuja bibi mmoja jirani, Mkipsigis, mtu mzima kuliko sisi. Baadaye tulimwita Kogo kama walivyomwita wajukuu zake, maana yake nyanya. Mkononi alishika miche yetu ya vitunguu, imefungwa pamoja kwa unyasi. "Mwalimu," akasema, "mali yako imekuja kulala kwangu."

Tulicheka, lakini mama watoto hakucheka. Mrehani ulikuwa umekwisha kufa kwa baridi. Mnazi haukutoa jani jipya hata moja, na baada ya miezi miwili ukaoza moyoni. Mkilifi ulisimama ulivyokuja. Asmini ilitoa majani, haikutoa ua. Mama watoto, ambaye tangu utoto wake hakupitisha Ijumaa bila ya kikuba, aliacha kuyatazama makopo yale. Usiku mmoja, mvua ikipiga mabati hata hatukusikilizana vizuri, alituambia: "Hapa hata udongo hautujui." Tukaelewa kuwa haneni habari za udongo. Mama yake alikuwa mgonjwa Mombasa, na sisi ndio tuliomleta huku. Iwapo angetwambia siku hiyo turudi, tungerudi, na madrasa ingebaki bila ya mwalimu kama ilivyobaki miaka miwili kabla yetu.

Hapa yatupasa kukiri jambo. Kwa zaidi ya miaka ishirini tumeisomesha hadithi mashuhuri, ya kuwa Mwislamu akipanda mti au mmea, kikaliwa chochote humo na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Tumeieleza juu ya mimbari na tumewahifadhisha watoto. Lakini kwa mikono yetu hatukuwa tumepanda kitu kikaliwa na mtu. Kiwanja kile kilitufedhehi.

Basi tulikwenda kwa Kogo, tukakaa kwenye kigoda chake kama wanafunzi. Jambo la kwanza alilotuambia ni tusilime kabisa. Tusimame mlangoni wakati wa mvua, mara tatu au nne, tuangalie maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Penye mvua haba mkulima hutafuta njia ya kuyaleta maji; penye mvua nyingi hutafuta njia ya kuyatuliza na kuyatoa. Tulipokwisha kuona, tulichimba mitaro miwili kukata mteremko, si kuufuata, na juu ya kingo zake tukapanda majani ya nepia ili mizizi ishike udongo. Kati ya mitaro tukainua matuta matatu tu, kila moja likiwa na kimo cha shubiri moja na nusu na upana ambao mkono unafika katikati bila ya mguu kukanyaga juu. Tulitaka matuta kumi. Kogo akasema matatu yanayotunzwa hulisha nyumba, na kumi yanayoshinda nguvu za mtu hulisha magugu.

Mbolea alitupa yeye, ya ng'ombe wake wawili, lakini akatukataza kuitia ikiwa mbichi, kwa sababu huunguza mizizi. Tuliirundika pamoja na majani makavu na maganda ya jikoni, tukaifunika kwa majani ya mgomba mvua isiikamue, tukaipindua kila baada ya wiki mbili. Kwa kiasi cha miezi mitatu ikageuka nyeusi, imevunjikavunjika, haina harufu mbaya.

Hata hivyo, vitunguu vya mara ya pili vilitoka manjano na vyembamba kama sindano. Kogo akatuchukua uani kwake, akatuonyesha ua la vishada liitwalo haidrenjia, la rangi ya buluu iliyokoza. "Ua hili ukilipanda penye udongo mtamu," akasema, "halitoki buluu. Huwa la waridi. Udongo wetu ni mchachu." Alikuwa amesema kweli. Mvua nyingi ya miaka mingi huosha chokaa ya ardhini ikaenda nayo mtoni, na kinachobaki ni uchachu. Mchai huupenda uchachu huo, ndiyo maana umestawi pale. Kitunguu, kabichi na maharage huuchukia. Dawa yake, akasema Kogo, ni chokaa.

Ndugu wasomaji, tuliposikia neno hilo tulihisi kama tumeitwa kwa jina mjini ugenini. Sisi tumezaliwa katika nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa, na babu yetu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kutoka nyumbani tulikuwa tumekwenda na asmini na mnazi, vitu ambavyo ardhi ile haikuvitaka, na kitu ilichokitaka kilikuwa chini ya nyayo zetu miaka yote.

Yafaa kutahadharisha hapa. Chokaa ya kujengea imechomwa tanuuni, ni kali, nayo huweza kuunguza mikono na mizizi. Ya shambani ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila ya kuchomwa, nalo hufanya kazi polepole na kwa usalama. Mfuko wa kwanza tulinunua katika duka la pembejeo. Lakini tulipokwenda likizo Mombasa kumwangalia mama mkwe, tulipita Kilifi kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe, yale yanayokatwa kwa msumeno kuwa matofali. Chini ya misumeno ile hubaki vumbi jeupe, laini kama unga, ambalo asili yake ni tumbawe la bahari ya kale, na takriban lote ni chokaa. Tulijaza magunia mawili. Utingo wa basi aliuliza ni unga gani huo mzito. Tulimwambia ni bahari, tunaipeleka Kericho. Alitutoza nauli ya mzigo vilevile.

Tulitia konzi nne kwa kila hatua moja ya mraba, tukachanganya na udongo kwa uma wa shambani, tukangoja wiki tatu ndipo tukatia samadi, kwani vitu hivyo viwili vikitiwa pamoja nguvu ya samadi huruka hewani. Tuta la viazi tulilinyima chokaa, maana viazi hupata ukoko kwenye udongo uliozidi utamu. Mvua ya mawe ilirudi, ikaichana sukuma wiki yote. Kogo akasema tuyakate majani yaliyoraruka na tukiache kile kilele cha katikati. Haukupita mwezi tukachuma tena. Nyanya tuliziezekea karatasi ya nailoni juu ya miti, kwani majani ya nyanya yakilowa kila siku huingia ukungu, na mmea mzima hufa kwa wiki moja.

Lakini kilichobadilisha nyumba yetu hakikuwa kitunguu. Asubuhi moja Kogo alileta mbegu ndogo nyeusi kwenye kitambaa, akazinyunyiza kwenye tuta la tatu bila ya kutueleza. Zilipoota na kutandaza majani yake ya vidole vitano, mama watoto aliinama akakata jani, akalipekecha, akalinusa.

"Si mgagani huu?"

Kogo akasema ni *isagek*. Wakabishana kwa muda, kila mmoja akidai mboga ni ya kwao. Mama watoto akaupika kwa tui la nazi, kama alivyopikiwa na bibi yake. Kesho yake Kogo akaupika kwa maziwa ya ng'ombe, akaulaza usiku mzima kupunguza uchungu, akatuletea. Tulikula vyungu vyote viwili, na hatutasema upi ulikuwa bora, kwa kuwa mmoja wa wapishi hao ndiye anayetupakulia mpaka leo. Tangu siku ile mama watoto alianza kushuka bustanini kabla yetu. Watoto wa madrasa wakawa wanamfuata na kupalilia, na waliotoroka darasa la asubuhi wakawa wanafika mapema ili wapate zamu ya toroli.

Mwaka wa tatu, miezi minne kabla ya muda wetu kwisha, alirudi kutoka sokoni na mche wa mparachichi, wa kupandikizwa, si wa kokwa. Tukamwambia mti huo hauzai kabla ya miaka mitatu au minne, na sisi tunaondoka. Nani atakula? Akajibu, "Atakayekuwapo," akaelekea bondeni na jembe. Tuliuchimbia shimo pana, tukauinua juu ya kichuguu cha udongo ili mizizi isisimame majini, na katika udongo ule tukachanganya konzi za mwisho za vumbi la Kilifi.

Huo ndio mti tuliokwenda kuutazama. Umepita kimo cha mtu, na watoto wametuhesabia matunda 17. Mwalimu aliyetufuata ameongeza matuta mawili. Haidrenjia tuliyopanda kwa kikonyo cha ua la Kogo, pembeni mwa tuta la vitunguu, imetoa maua ya rangi ya waridi, na lile la kwake, mbele kidogo, lingali buluu. Kogo macho yamepungua, alitutambua kwa sauti. Alitufungia furushi la mboga, akasema, "Mpelekee mama."

Mama watoto hakuweza kusafiri nasi, kwa kuwa yeye ndiye anayemuuguza mama yake. Tulifika nyumbani kabla ya adhuhuri, furushi likiwa limenyauka. Alilifungua, akanusa, akaenda kukuna nazi.

Ewe msomaji uliyehamishiwa mahali usipopajua, kwa kazi au kwa ndoa, anza na tuta moja, na kabla ya hilo simama mlangoni utazame maji yanapita wapi. Muulize jirani. Huenda ukaambiwa kuwa kile ardhi hiyo inachokitaka, umekiacha kwenu.

Wabillahi tawfiq.