Mgeni Aliyeitwa na Wenyeji

Nilipokuwa nikijifunza Kilatini katika shule ya misheni, tulisoma habari za vita zilizoandikwa na Julius Caesar mwenyewe. Siku zile nilimsifu sana Diviciacus, kwa kuwa alisafiri mpaka Rumi kuwaombea watu wake msaada. Leo nikizisoma tena, moyo wangu hautulii juu yake.

Watu wake walikuwa Aedui, kabila la Kikelti la Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Jirani zao walikuwa Sequani, na mto Saône ulipita kati yao. Strabo, Myunani aliyeandika habari za nchi nyingi, asema kila kabila lilidai kwamba mto ni wake, na ushuru wa vyombo ni wake. Ushuru tu! Mwishowe Sequani, pamoja na Arverni, wakamwajiri Ariovistus, mfalme wa Kijerumani, avuke mto Rhine awasaidie. Aedui wakashindwa. Lakini mgeni hakurudi kwao. Alitwaa theluthi ya ardhi ya Sequani, wale wale waliomwita, kisha akadai theluthi ya pili.

Diviciacus aliyaona hayo yote, na hata hivyo akamwita mgeni mwingine. Mwaka 58 kabla ya Kristo Caesar alimfukuza Ariovistus. Na majira ya baridi yalipofika, majeshi ya Rumi yakapiga kambi papo hapo katika nchi ya Sequani.

Dumnorix, ndugu yake Diviciacus, aliwapinga Warumi. Shuleni nilimdhani mkorofi, maana Caesar ndivyo amwelezavyo. Kweli hakuwa malaika, kwani utajiri wake ulitokana na ushuru ule ule. Lakini mwaka 54 aliuawa akipiga kelele kwamba yeye ni mtu huru.

Miaka miwili baadaye Vercingetorix wa Arverni aliyaunganisha makabila mengi. Aedui walijiunga wakiwa wamechelewa, na mara wakadai uongozi uwe wao, walipokosa, wakanung'unika. Huko Alesia wakashindwa wote. Vercingetorix alifungwa, akauawa Rumi mwaka 46. Mateka wa Aedui na wa Arverni Caesar aliwaweka kando, apate kuyavuta tena makabila yao. Wale wengine waligawiwa askari wake, kila askari mtumwa mmoja.