Njia ya Kabara

Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru asubuhi yenye anga safi, unapita Munigi juu ya mawe meusi ya mlipuko wa 2002, kisha Kibati, na milima inajipanga pande zote mbili. Kushoto ni Nyiragongo na moshi wake. Kulia ni Karisimbi wenye mita 4,507, na jirani yake Mikeno, mita 4,437, jabali lililochongoka ambalo mara nyingi kilele chake huonekana alfajiri tu, kabla mawingu hayajapanda. Sisi wa Goma tunaujua Nyiragongo kwa lazima. Uliua watu 1977, ukateketeza katikati ya mji Januari 2002, ukarudi tena Mei 2021. Mikeno ulizimika zamani na hautishi mtu, na labda ndiyo sababu watoto wetu wanamaliza sekondari bila kusikia kwamba ubavuni mwake, kwenye uwanda uitwao Kabara, kuna kaburi na mabaki ya kambi ambayo dunia nzima imezisoma habari zake vitabuni.

Nilikwenda Kabara kiangazi cha 2011. Hifadhi ya Virunga ilikuwa imeanza tena kupokea wageni. Walinzi walikuwa wamerudi kwenye sekta ya Mikeno mwishoni mwa 2008, baada ya kukaa zaidi ya mwaka mmoja nje yake huku waasi wakiishi ndani. Mimi ni mwalimu wa historia, na nilikubaliwa kufuatana na kikosi kilichokuwa kinapanda kukagua njia ya zamani. Tulikuwa walinzi wenye bunduki, vijana wa kubeba mizigo, mimi, na mzee mmoja wa kuongoza njia ambaye utu uzima wake wote aliutumia kufuata nyayo za gorila.

Tulianzia Kibumba. Hapa ndipo zinapotoka kabichi, viazi na liki tunazokula mjini, udongo mweusi unaootesha kila kitu, lakini maji hayakai. Mvua inanyesha, mwamba wa volkano unaimeza yote. Alfajiri ile tulipishana na akina mama na wasichana wenye bidoni za njano mgongoni, wakienda kutafuta maji upande wa msitu. Mwaka 1994 mahali hapohapo palikuwa na kambi ya mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, na kuni zao nyingi zilitoka mlimani. Mzee alinionyesha kwa mkono mpaka ulipofika ukataji ule. Miti iliyoota baadaye ilikuwa myembamba, ya rika moja, na ilichukua mwendo kabla hatujaingia chini ya miti mikubwa.

Kutoka Kibumba hadi Kabara mtu mwenye miguu mizuri, njia ikiwa wazi, hupanda kwa siku moja. Njia yetu haikuwa wazi. Mianzi ilikuwa imelala ovyo, mimea yenye kuwasha imefika kifuani, na vijana wenye mapanga walipokezana mbele kwa zamu. Tulilala njiani. Sikujali hata kidogo, kwa sababu kadiri mwendo ulivyokuwa wa pole ndivyo Mzee alivyozungumza.

"Mwalimu, hapa ni Rweru," alisema tulipofika mahali ambapo mimi niliona majani tu. "Hapa bazungu ba zamani balipangaka mahema. Baba yangu alinionyesha, na yeye alionyeshwa na baba yake."

Alikuwa sahihi. Msafara wa Carl Akeley ulipiga kambi Rweru mwaka 1926. Akeley alikuwa Mmarekani wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la New York, fundi wa kuhifadhi miili ya wanyama ionekane kana kwamba wako hai. Mara ya kwanza alikuja Mikeno mwaka 1921 kuwinda gorila, na gorila watano wa milima hii walivuka bahari. Hadi leo wako New York nyuma ya kioo, na ukutani nyuma yao imechorwa nchi yetu, na Nyiragongo na Nyamulagira kwa mbali. Lakini kuwaona wakiwa hai kulimgeuza moyo. Aliporudi kwao alisema hadharani kwamba wanyama hawa wataisha wasipolindwa, na maneno yake yakafika kwa mfalme Albert wa Ubelgiji. Tarehe 21 Aprili 1925 hifadhi ikatangazwa, ya kwanza ya taifa barani Afrika, na eneo lake la mwanzo lilikuwa hii milima tunayoiangalia kila siku tukienda sokoni.

Mwaka uliofuata Akeley alirudi na mkewe Mary Jobe, mchoraji William Leigh, na mtaalamu Mbelgiji Jean-Marie Derscheid aliyefanya kazi ya ramani na kuhesabu gorila. (Derscheid huyo aliuawa na Wanazi mwaka 1944 kwa kushiriki upinzani nchini mwake, ningependa wanafunzi wangu wajue na hilo.) Akeley alikuwa mgonjwa tangu chini. Akafika Kabara, na tarehe 17 Novemba 1926 akafa, na huko huko akazikwa.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Mzee aliyajua kutoka upande mwingine. Tulipofika kwenye korongo la Kanyamagufa, ufa mrefu uliokatwa ubavuni mwa Mikeno, kuta zake zimefunikwa kuvumwani na maji yanadondoka chini usikokuona, alisimama akaegemea fimbo.

"Mzungu alikuwa mugonjwa, ni nani alimupandisha?" aliuliza. "Mahema, vyombo, unga, masanduku, ni nani? Ni sisi. Mizigo yote ilipita hapa ku kichwa ya bababu zetu, na hapa panateleza hivi hivi."

Nilimwambia kweli, Mzee. Nikatazama chini nilipokuwa nimesimama. Ilikuwa ngazi ya matope na mizizi, na mimi nilikuwa na viatu vya ngozi na mkoba mwepesi. Katika vitabu vyote nilivyosoma kuhusu Kabara, wabebaji wanatajwa kwa idadi, au kwa ukaidi wao, au hawatajwi.

Baada ya mianzi msitu unabadilika ghafla. Inaanza miti ya hagenia, ile ambayo Mzee aliiita mugeshi, mashina mapana yaliyopinda, matawi yamelala mlalo yamebeba matandiko ya kuvumwani, na ndevu za kijivu zinaning'inia kila mahali. Chini hakuna vichaka vingi, ni majani mabichi laini yanayofika magotini. Hapo ndipo tulipokuta njia ya gorila. Mzee aliokota shina la seleri mwitu lililomenywa. Ganda lilikuwa limevuliwa kwa meno kwa urefu, vipande virefu virefu, na kiini chote kimeliwa. Alilisogeza karibu na pua, akaangalia mkato, akanipa. Unyevu ulikuwa bado unatoka kwenye kingo.

"Ya leo asubui," alisema. "Bako kumi na kitu. Moja iko na mutoto mugongoni."

Mtoto alimjuaje? Hatua chache mbele alinionyesha kinyesi kidogo sana pembeni ya kikubwa, ndani ya kiota kilekile cha majani yaliyokunjwa. Kiongozi wa walinzi aliandika kwenye daftari lake, akasoma namba za mahali kutoka kwenye kifaa chake, tukaondoka bila kuwafuata. Gorila wale hawakuwa wamezoezwa watu, na kazi yetu ilikuwa njia.

Tulifika Kabara mchana, ukungu ukiwa umeshafika kabla yetu. Ni uwanda wa majani kwenye kiwango cha mita 3,000 na ushei, kati ya Mikeno na Karisimbi, na bwawa dogo ambalo ukingo wake wote umekanyagwa na mbogo. Walinzi walizunguka kwanza, bunduki mkononi, wakikagua kama kuna mitego na majivu ya moto. Walikuta mitego ya kamba, wakaikata. Kisha tukaruhusiwa kuingia.

Magofu ya Kabara si kuta. Pale palipokuwa na kibanda cha mbao nilikuta mawe ya msingi na vipande vya bati vilivyooza, mimea imepita katikati. Mtafiti George Schaller aliishi ndani ya kibanda hicho na mkewe Kay mwaka 1959 na 1960, akikaa siku nzima karibu na gorila bila bunduki, na kitabu alichotoa mwaka 1963 ndicho kilichoanza kufuta hadithi kwamba mnyama huyu ni jitu la kuua watu. Januari 1967 akaja Dian Fossey, naye kutafiti gorila. Yeye alilala kwenye hema na wafanyakazi wake wakalala kibandani. Hapa Kabara ndipo alipojifunza kusoma nyayo, na aliyemfundisha ni Mkongomani, Sanwekwe. Filamu na vitabu vinamwonyesha Fossey akiwa Rwanda, kambini kwake Karisoke, na ni kweli alikaa huko hadi kifo chake mwaka 1985. Lakini shule yake ya kwanza ilikuwa huku kwetu. Julai 1967, nchi ikiwa kwenye vurugu za mamluki, askari walipanda hadi Kabara wakamteremsha. Hakufanya tena kazi hapa.

Kaburi liko pembeni, chini ya miti. Limewahi kuchimbuliwa na kuvunjwa, na baadaye kutengenezwa. Mlinzi mmoja kijana alipiga magoti akaanza kuondoa kuvumwani kwenye bamba kwa kisu, polepole, akifuata mistari. Sikumwomba, wala mkubwa wake hakumwamuru. Alipomaliza alifuta kisu kwenye suruali, akauliza kama ni kweli mtu huyu alianza kwa kuwaua gorila. Nikasema ni kweli. Akafikiri.

"Basi aliona mapema," akasema, akainuka kwenda zamu yake.

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa wakiwa kazini. Kazi ambayo Akeley aliiombea inafanywa na vijana wa Kibumba, Rugari na Rumangabo, kwa mshahara mdogo. Na gorila wameongezeka: katika milima hii ya Virunga, kwa nchi zote tatu zinazoigawana, hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604, wakati mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa kama 250 hivi. Mtu akiniuliza nani kawaokoa, nitamtajia Akeley, Schaller na Fossey kwa heshima zote, lakini sitaishia hapo.

Usiku ule baridi ilikuwa kali kiasi kwamba hakuna aliyelala sana. Tulikaa kwenye moto, viazi vya Kibumba vikiiva majivuni, maharage chunguni, na Mzee akawataja mmoja mmoja watu wa kijiji chake waliobeba mizigo na kufuata nyayo, baba nani, mjomba wa nani, nani alivunjika mguu Kanyamagufa. Niliandika hadi kalamu ikagoma kwa baridi, nikaomba ya mlinzi.

Mwaka uliofuata waasi wa M23 waliingia, njia ikafungwa. Kuanzia 2022 vita vikarudi Kibumba, na watu wake wakajaa kambi ya Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma. Huko ndiko nilikomkuta tena Mzee mwaka 2023, katika kibanda cha turubai juu ya mawe ya volkano, miguu imemwishia nguvu lakini kichwa kizima. Nilikwenda na daftari lile la Kabara na mjukuu wake mwenye umri wa shule ya sekondari, ambaye hajawahi kufika mlimani. Nilimwomba Mzee aitamke njia yote, kituo kwa kituo, mjukuu aandike kwa mkono wake mwenyewe: mahali pa maji, mti uliopigwa radi, pa kuvukia Kanyamagufa wakati wa mvua na pa kuvukia kiangazi.

Tulipofika kwenye njia panda ya mianzi, kijana aliandika kwamba unashika kushoto. Mzee alimwambia arudi nyuma.

"Usiandike kushoto peke yake. Andika kushoto ukitoka Kibumba. Mwenye atakuja anaweza kutokea Bukima."