Mchakamchaka Bila Kiranja

Jana jioni, mvua ya baridi ikinyesha hapa Bremen, wanafunzi wenzangu wawili walinipita ndani ya Bürgerpark wakikimbia, wameloa chapachapa, wanacheka. Hakuna aliyewatuma. Hakuna kiranja, hakuna filimbi, hakuna fimbo. Nilibaki na mwavuli wangu, wivu umenikaba kooni.

Hapa michezo imo kwenye ratiba ya wiki kama kipindi cha hesabu: Jumatatu kuogelea, Alhamisi kupanda kuta. Hata mhadhiri mwenye mvi huja na baiskeli, suruali ameibana kwa kamba isichafuliwe na mnyororo.

Sisi? Shuleni ilikuwa mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri, umande wa Iringa unakata miguu, nyimbo juu, na wa mwisho anadeki bweni. Halafu JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Ukifika chuo unaapa hutakimbia tena maishani. Rafiki yangu alipanda bodaboda kutoka hosteli hadi darasani, mwendo wa dakika kumi. Ukitembea kwa miguu unaulizwa, "Vipi, umefulia?" Usiku chipsi mayai. Inaniuma, kwa sababu tulikuwa na miguu mizuri, tukafundishwa kuichukia.

Lakini ya huku nayo siyasifu yote. Jirani yangu wa korido hupima hata jibini kwenye mizani, na wiki iliyopita alilia kwa ajili ya kilo mbili. Kilo mbili! Nikamkumbuka bibi pale Kalenga, kulikorudishwa lile fuvu la Mtwa Mkwawa kutoka Bremen hiihii mwaka 1954. Niliporudi Desemba, kabla hata ya salamu ya kamwene alinishika mashavu: "Umekonda. Una nini?" Kuku akachinjwa jioni ileile. Simlaumu. Iringa tumezika wengi kwa UKIMWI, na miaka ile mtu akikonda, majirani walianza kunong'ona. Unene ulikuwa habari njema. Yeye mwenyewe ni mwembamba kama mwanzi. Kila siku anashuka vinyunguni, kwenye bustani za bondeni, na jembe begani, na neno mazoezi sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Shangazi ndiye anayeninyima usingizi. Ana kisukari, na daktari amemwambia atembee nusu saa kila siku. Leo nimempigia nikamsihi awe anashuka na bibi asubuhi, polepole tu, bila jembe. Akanyamaza kidogo.

"Kwani nimekosa nini, mwanangu?"