Ugonjwa wa Mahali, Mungu wa Kila Mahali

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitafuta kwanza mwenye kosa: ni yeye, au ni wazazi wake? Swali hilo nilikutana nalo Minnesota, Marekani, nilipokuwa masomoni na kuhudumia usharika wenye Watanzania.

Mama mmoja alivimba goti, akachoka hata kwaya ikamshinda. Hospitalini akaambiwa ana ugonjwa wa Lyme. Ndugu zake nyumbani hawakuwahi kuusikia. Wakampigia simu: umetupiwa kitu, achana na dawa hizo, rudi kwenye jua, baridi inakumaliza. Akaniambia, "Baba Mchungaji, niombee safari."

Tuliomba, kisha tukazungumza. Lyme ni mji wa jimbo la Connecticut, ambako katika miaka ya 1970 watoto wengi walivimba viungo. Bakteria wa ugonjwa huu huletwa na kupe wadogo wa msituni. Kupe hao hufa wakikaukiwa, kwa hiyo hukaa kivulini, chini ya majani yaliyoanguka, mahali penye panya na paa. Theluji huwafunika tu, ikiyeyuka, wanaamka. Na kadiri baridi inavyopungua ukali, wanazidi kusogea kaskazini, hata Kanada. Mama huyu alikuwa akizoa majani nyuma ya nyumba yake, kando ya msitu. Mchawi hakuhitajika.

Jua la nyumbani je? Halimwui bakteria aliyekwisha kuingia mwilini. Antibiotiki ndizo humwua. Madaktari wa kule huuona ugonjwa huu kila majira ya joto, ila alama yake ya ngozi ni vigumu kuitambua kwenye ngozi nyeusi. Huku kwetu, daktari hodari angeweza kuanza na malaria, na siku zikapotea. Mama akabaki, akamaliza dozi.

Goti lilipona, lakini uchovu ulimng'ang'ania kwa miezi, kama unavyowapata baadhi ya wagonjwa hata baada ya tiba. Minong'ono ikaanza kwamba imani yake ni haba. Hapo wazee wa kanisa wakachukua koleo, wakamwondolea theluji mlangoni. Wanakwaya wakampelekea chakula. Minong'ono ikakoma.

Nasi tuna homa ya papasi, wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo. Bakteria wake ni wa jamii moja na yule wa Lyme. Willy Burgdorfer, aliyemgundua bakteria wa Lyme, katika ujana wake alisomea papasi hao wa Afrika. Kila nchi ina vidudu vyake, wala hakuna nchi iliyolaaniwa kwa sababu hiyo.

Yesu hakumtafutia kipofu yule mkosaji. Alichukua udongo wa pale pale, akamtuma kwenye maji ya Siloamu. Wapendwa, msharika akiugua, tuanze na udongo na maji ya mahali alipo: dawa, daktari, chakula, na koleo.