Mguu wa Bata

Ndugu msomaji, usinihukumu mapema. Mimi ni mkusanyaji wa bastola za kale, na sijawahi kushika hata moja. Zangu zimo kwenye daftari, nimezichora kwa penseli kutoka vitabuni.

Yote yalianza na riwaya yangu. Nina mhusika mmoja, nahodha wa meli ya Kiingereza mwaka 1795, mabaharia wake wamemwasi. Nikampa bastola, ikalia mara sita mfululizo. Rafiki yangu aliposoma alicheka mpaka machozi. "We, mara sita? Zama hizo?" Aibu ikanipeleka maktaba.

Kumbe zama zile za gumegume, mtutu mmoja ni risasi moja. Ukikosa, basi tena. Kushindilia baruti upya si kazi ya kufumba na kufumbua. Ndipo mafundi wakaongeza mitutu. Mmoja wa mitindo yao uliitwa mguu wa bata: mitutu minne hivi imetanuka kama vidole, ukifyatua mara moja yote inalipuka, kila risasi na njia yake. Silaha ya mtu mmoja anayeogopa wengi.

Kule Marekani, Ethan Allen alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1837. Ya kwake, ukivuta kifyatulio, fungu zima la mitutu linazunguka na nyundo inapiga fataki ya mtutu unaofuata. Watu wakaibatiza kikopo cha pilipili. Lakini kulenga nayo ilikuwa kasheshe, hata Mark Twain aliifanyia mzaha katika Roughing It, kitabu cha mwaka 1872. Christian Sharps naye, mwaka 1859, akaja na kibastola cha mitutu minne isiyozunguka. Kinachozunguka ni kipini kidogo kinachoigonga risasi. Mwishowe bastola za mtutu mmoja na kasha la risasi linalozunguka, kama za Colt, zikazipiku kwa wepesi. Leo zimelala kwenye makabati ya vioo, na wakusanyaji wenye fedha wanaipenda zaidi ile ambayo hakuna aliyeisugua ing'ae.

Siku moja Mama alilikuta daftari chini ya godoro. Kaka yake, yaani mjomba wangu, aliuawa na majambazi dukani kwake. Kwa risasi moja. Mama alifunua ukurasa kwa ukurasa, taratibu, nikajua leo linaingia jikoni kuwashia moto. Alipofika mwisho akanitazama.

"Mwanangu, hawa nao waliona moja haitoshi?"

Sikuwa na jibu. Akaliweka mezani, akaenda kuchambua mchele.

Usiku ule nilifuta tukio lote, nikaanza upya. Sasa nahodha ameshika mguu wa bata na mkono unamtetemeka. Mitutu ni minne, mabaharia ni thelathini. Katikati yao amesimama kijana wa jikoni ambaye hakuasi, amesukumwa tu, na bastola ile haichagui.

Mpaka leo sijaandika kama alifyatua.